Tulivyomtafuta Bonface Majini

Kwa Fundi Nyamhanga,
S.L.P. 63,
Isebania.

4 Septemba 2025

Mpendwa shemeji Jedidah,

Pokea salamu kutoka nyumba yetu ya Isebania: zangu mimi, za mdogo wako Linet, na za mwanetu Oliver, ambaye ameng'oka meno ya mbele na siku hizi anacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Afya tunayo, isipokuwa kifua cha Linet, maana vumbi la malori ya hapa mpakani halina huruma. Na wewe je? Mgongo unaendeleaje? Ulisema kazi ya kuinua wagonjwa wazito imekubana kiunoni. Hapa vijana wanaambiana jikaze kisabuni, lakini hata sabuni huisha, shemeji. Ukipewa siku ya kupumzika, lala.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Emmaculate, yule binti wa jirani yenu wa Sindo, anarudi huko kwenu Doha Jumapili na amekubali kuibeba barua hii. Kwa simu nimeshindwa. Nikiingia kwenye grupu ya familia nikaanza kuandika, huyu anatuma sala, yule picha ya mshumaa, mwingine anauliza nani ameona mbuzi wake, nami naishia kufuta. Halafu haya ninayotaka kukuambia sipendi uyasome umesimama kwenye korido ya hospitali. Tafuta mahali ukae.

Uliambiwa kwamba wapiga mbizi wa jeshi walimtafuta mdogo wako Bonface wasimpate. Ni kweli hatukumleta nyumbani. Lakini mambo hayakuwa mafupi hivyo, na aliyekuwa chini ya maji ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye wa kukueleza.

Nianze na kwenu Sindo, kwa sababu ukiwa mbali unaweza kudhani watu wanaomboleza tu na maisha yanasonga. Hayasongi. Tangu boti la mdogo wako lilipopinduka mwezi wa saba pamoja na nyavu zake za kuvulia mbuta, boma lote limekwama. Wale wenzake wawili, mmoja alijiokoa kwa kukumbatia jerikeni, wa pili ziwa liliurudisha mwili wake baada ya siku chache. Bonface peke yake ndiye hakurudi. Edith, mke wake, hajatoka nje ya boma. Kwa desturi yenu Waluo mjane hawezi kwenda sokoni wala kuingia nyumba ya jirani mpaka mume azikwe, na wa kuzikwa hayupo. Meza yake ya samaki imeshakaliwa na mwingine. Mama yenu naye alikuwa anakunywa chai tu, anakaa akitazama upande wa maji mpaka aambiwe aingie ndani.

Wazee walipotaka kuzika yago, mimi sikuelewa. Mimi ni Mkuria wa milimani, kwetu mto ukifurika tunangoja upungue, basi. Ilibidi Linet anieleze kwamba lile tunda refu na zito linazikwa kwa jina la mtu ambaye ziwa limekataa kumtoa, linaliliwa kama yeye, na baada ya hapo waliobaki wanaruhusiwa kuendelea kuishi. Wewe ukapiga simu ukasema mdogo wako si tunda. Na kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wao, Mzee James, baba yenu mdogo, akasimamisha kila kitu.

Ndipo nikaitwa jeshini. Nilipoacha uaskari niliweka jina langu kwenye jeshi la akiba, nikarudi zangu kuchomelea mageti, nikasahau. Mara naambiwa askari wa akiba wa upande huu wanakwenda ziwani kufundishwa kupiga mbizi. Uliposikia ukanipigia palepale. Maneno yako ninayo mpaka leo: Nyamhanga, usitoke kwenye maji hayo bila Bonface. Nikakujibu sawa, kama mtu anayeagizwa chumvi dukani.

Tulianzia Rusinga, kwenye maji ya kifuani. Ungetuona ungecheka. Fundi wa kuchomelea, walimu, dereva wa lori, mhubiri mmoja mwenye kitambi, wote tumebanwa ndani ya nguo za mpira. Mama mmoja muuza samaki aliniuliza kama nimeaga kwetu, kwa sababu Mkuria akiona maji yamemfika magotini huwa anagawa ng'ombe. Nilicheka pia. Tulijifunza kupumua kwa mdomo, kutoa maji yaliyoingia kwenye miwani, na kutembea na mtungi wa hewa mgongoni, ambao nchi kavu ni mzito kama mfuko wa saruji na majini unausahau.

Mkufunzi wetu alikuwa Sajini Levis, mtu mkavu asiyerudia neno. Kitu alichotupigilia kichwani kuliko vyote ni kamba. Wewe uliye chini umeishika, mwenzako aliye kwenye boti ameishika upande wa pili, na hiyo kamba ndiyo inayosema. Ikivutwa mara moja unaulizwa kama u mzima. Ikivutwa mara nne ni amri: acha unachofanya, panda. Walitufungia kamba hata tukiwa tunakula. Wanavuta, na asiyesimama palepale anazunguka uwanja akiwa na mtungi mgongoni. Mimi nilizunguka mara mbili, halafu nikashika adabu. Ilifika mahali mtu akinigusa shati nasimama.

Chini ya ziwa hakuna kitu cha kuona, shemeji. Watu wamezoea televisheni, wanafikiri ni samaki wa rangi. Ukishuka kidogo maji yanakuwa ya kijani, halafu ya kahawia, halafu huuoni mkono wako ukiwa umeuleta usoni. Unatafuta kwa kupapasa. Na tulichokuwa tunapapasa ni matairi waliyoyatupa wao wenyewe. Nikaona huu ni upuuzi. Nikaenda kwa Kapteni aliyesimamia mafunzo, nikasimama wima kama zamani, nikamwambia kama kazi ni kutafuta, mbele ya Sindo kuna mtu wa kutafutwa, na ni shemeji yangu. Akasema zoezi la mwisho litafanyika huko, ila nisimwahidi mtu yeyote kitu. Nilikuwa nimeshakuahidi wewe.

Yule aliyejiokoa na jerikeni ndiye aliyetupeleka mpaka pale anapokumbuka. Niliomba nishuke wa kwanza, wakakataa, nikashuka baada ya wawili waliotoka mikono mitupu. Chini nilikuta matope laini, halafu wavu. Nilitulia kama tulivyofundishwa, kwa sababu wavu ukikukamata ukapigana nao, wenyewe ndio unaoshinda. Kamba nilikuwa nimeishika kwa kushoto, mkono wa kulia ukafuata ukingo wa wavu. Nikagusa kitambaa. Halafu nikagusa mkono wa mtu.

Sitakueleza zaidi ya hapo. Wewe unafanya kazi hospitali, unajua. Nilipapasa vidole nikaikuta ile pete niliyomtengenezea kutokana na nati ya chuma, siku alipokuja kututembelea akasema anataka pete isiyoogopa maji. Pembe za nati bado zilikuwepo. Ni yeye, Jedidah. Nilimshika kama unavyomsalimia mtu, na nilimsalimia kweli, Mungu ni shahidi. Nilisema ndani ya kile kinywa cha mpira cha kupumulia, Bonface, twende nyumbani.

Kiunoni nilikuwa na boya dogo lenye uzi wake. Kazi yangu ilikuwa nimfunge nalo, niliache lielee juu, na wengine wangejua pa kushukia. Nilikuwa nalitafuta kwa mkono uleule wenye kamba wakati kamba ilipovutwa. Mara nne.

Nikamwachia. Sikufikiri, shemeji. Ningefikiri ningemfunga kwanza, ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Miguu ilipiga kabla kichwa hakijapata habari, na nilipozinduka nilikuwa naona mwanga juu yangu na mkono wangu hauna kitu. Kule juu upepo ulikuwa umeinuka ghafla, nanga inaburutwa, na Levis alikuwa anawavuta watu wote watoke. Alifanya sawa. Kila anayemlaumu namwambia alifanya sawa, na bado sitaki kumwona.

Nilipopata sauti nikawaambia nimemshika. Lakini boti lilikuwa limeshasukumwa mbali, na juu ya maji hakuna alama, kila upande ni uleule. Kesho yake tulirudi, na kesho kutwa pia. Tukapata jerikeni na kipande cha wavu. Wavu wenyewe mawimbi yalikuwa yameuhamisha, na yeye ndani yake. Mafunzo yakafungwa, malori ya jeshi yakaondoka. Kapteni alinipa mkono. Cheti nilichopewa kiko kabatini chini ya nguo, Linet hataki kukiona.

Usiku wa mwisho kabla hatujaachana Levis alinishauri niwaambie watu wa nyumbani kwamba niligusa gogo. Alisema itawasaidia. Nililifikiria sana jambo hilo. Lakini nilimjua Bonface, tumekula pamoja, siwezi kumwita gogo. Kwa hiyo nilifika kwa Mzee James na wenzake nikasema kila kitu, hata nilivyomwachia.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia, kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Mkwe wetu, yago huzikwa kwa mtu ambaye hakuna anayejua alipo. Huyu umemshika. Tutamlilia vipi kwa tunda na yeye amekupa mkono?" Mzee mwingine akasema mvuvi akimshika mtu aliyekufa maji hamwachii, hata ikibidi amfunge ubavuni mwa boti amburute mpaka nchi kavu, na kwamba watoto wa pale wanalijua hilo kabla ya kujua kuogelea. Hakunitukana. Alikuwa anashangaa tu. Nilitamani ardhi inimeze.

Unaona nilichofanya? Kabla sijashuka majini, jambo la yago lilikuwa linangoja neno lako tu. Baada ya mimi kushuka, hata ungesema ndiyo isingesaidia. Wazee waliamua kungoja ziwa. Edith aliposikia alirudi ndani akafunga mlango. Niliitwa kusaidia, nikaongeza kufuli.

Linet hajanifokea. Afadhali angefoka. Anapakua chakula, anakiweka mezani, anaondoka. Kazini nikishika koleo mkono unakufa ganzi, nimerudisha mageti mawili ya watu bila kuyamaliza. Nimemuuliza Mungu kwa nini aliniongoza mpaka pale gizani kama hakutaka nimlete. Hajanijibu, na sina hasira naye, nimechoka tu.

Jumapili iliyopita Mama alituma neno kwamba anataka kuniona. Nilijua nimekwisha. Tulikwenda mimi na Linet, nikawekewa stuli yangu nje, mbali na kiti chake, kama kawaida. Unajua tulivyo na mama mkwe, sisi Wakuria na ninyi pia. Tangu nimuoe Linet sijawahi kumpa Mama mkono. Namsalimia nikiwa nimeinamisha kichwa, sili akinitazama, na silali bomani kwake hata mvua inyeshe mawe. Nimemheshimu hivyo miaka yote, na yeye kaniheshimu hivyo.

Siku hiyo aliinuka kwenye kiti chake akaja mpaka nilipokaa. Nikasimama, nikarudi nyuma, yeye akazidi kuja. Akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, "Ni mkono gani ilimshika?"

Nikauinua wa kulia. Akauchukua kwa mikono yake yote miwili. Edith aligeuza uso kwa aibu, na Linet akaziba mdomo. Mimi nilitaka kukimbia, sikufichi. Mama aliupapasa vidole, kimoja baada ya kingine, akauweka shavuni, akaongea Kiluo polepole. Hakuwa anaongea na mimi. Niliyoyashika ni jina la Bonface, na nyathina, mwanangu, nyathina. Alikuwa anamuuliza mambo, na kuna mahali alinyamaza kama anayesikiliza. Alikaa hivyo mpaka chai yangu ikaota utando.

Kisha akanitazama machoni. Sikumbuki kama aliwahi kunitazama machoni. Akasema, "Sasa wewe achilia yeye. Mimi nimesalimia mtoto yangu." Akarudi kwenye kiti chake, akamwambia Edith alete ugali.

Nililia mbele ya wakwe, jambo ambalo baba yangu angelisikia angenikana. Lakini Mama alikula, shemeji. Alikula ugali na mboga, akaomba kuongezewa. Linet alimwangalia mpaka chakula chake mwenyewe kikapoa, na tuliporudi Isebania aliniongelesha njia nzima.

Siku hiyohiyo Mama alimwita Mzee James akamwambia watafute yago. Mzee akarudia yale yake, kwamba mtu aliyeshikwa hazikwi kwa tunda. Mama akamjibu kwamba mkono ule umefika nyumbani na mama yake ameusalimia, na kama kuna desturi inayomzuia mama kumaliza, wamtaje mzee aliyeiweka ili amwulize. Hakuna aliyetaja. Wazee wale wanaogopa ziwa, lakini nadhani wanamwogopa Mama zaidi. Alisema pia kwamba atakayelibeba tunda mpaka kaburini ni mimi mkwe, na hapo napo hawakubisha. Edith ameshafua lile shati jeupe la harusi yao, atalivisha tunda.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Mzee James anasema wewe ulilikataa yago mbele ya familia nzima. Wakizika bila neno lako, boma litapasuka, na utakuwa dada ambaye mdogo wake alizikwa huku wewe umekataa. Hawatachimba mpaka wewe mwenyewe umpigie. Ukikubali, ni Jumamosi ya tarehe 13, na Emmaculate atakuwa amekufikishia barua hii kabla.

Najua hutaki. Najua unasema wewe ni mtu wa kanisa na mambo ya kuzika matunda uliyaacha nyuma. Pia najua mdogo wako si tunda. Hakuna anayelijua hilo kuliko mimi. Lakini Edith ana watoto, na hawezi hata kuwapeleka kununua viatu. Mama amezeeka mwezi mmoja kama miaka kumi. Ziwa likija kumtoa siku nyingine, tutamzika tena, na nitakuwa wa kwanza kushika jembe. Nilikuahidi nitatoka naye majini na sikuweza. Kwa hilo nakuomba radhi, na hutasikia nikitoa sababu.

Edith anakusalimu sana na anasema hajakukasirikia. Mzee James anakusalimu. Linet anasema upige simu hata kama ni kulia tu, atapokea. Oliver anauliza kama huko kuna ziwa. Mama anasema uvae sweta kwenye zile mashine za baridi, na kwamba usitume chochote kwa ajili ya mazishi, utume sauti yako tu.

Mungu wa Mama Marcella, aliyempa nguvu ya kuinuka kwenye kile kiti, akupe na wewe. Akutunze mgongo na moyo, na akuonyeshe la kumwambia Mzee.

Mpigie, shemeji. Mama ameshaniruhusu nimwachie Bonface. Nakungoja wewe.

Wako akupendaye, mkwe wa boma lenu,

Nyamhanga